Nimelipa Dola 51 Kuangalia Majani

Juzi nikiwa zamu ya usiku kiwandani, simu ikatetemeka mfukoni. Nikadhani ni Mama, maana saa hiyo kwetu Bwera, Uganda, kumeshakucha. Kumbe ni benki: dola 51 na senti zake zimechukuliwa. Zidisheni wenyewe kwa shilingi. Huyo ni mbuzi, tena aliyeshiba. Nimelipia nini? Picha za majani.

Nirudi nyuma kidogo. Hapa Wisconsin, Marekani, nina jirani, mzee mstaafu, aliyenikaribisha kuwinda kulungu kwenye shamba lake. Mimi, mtoto wa Kasese, niliyekulia ng'ambo tu ya hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako ukikutwa na nyama ya porini utajieleza mbele ya hakimu! Leo nina leseni, nina koti la rangi ya chungwa linalowaka kama moto wa nyika, na nina cheti cha mafunzo ya uwindaji. Cheti ni lazima kwa kila aliyezaliwa kuanzia 1973. Kwamba baba yako alikesha shambani akipiga madebe kufukuza tembo, hilo halihesabiki.

Sasa hawa wenzetu hawaendi porini kutafuta nyayo. Wanafunga kamera kwenye mti. Ndani ina laini ya simu. Kiumbe chenye joto kikipita mbele yake, inapiga picha na kukutumia kwenye programu ukiwa umelala. Nikanunua tatu kwa bei ya punguzo, nikajiona tajiri. Kamera si gharama, ndugu zangu. Gharama ni bando.

Mwezi wa kwanza ulikuwa bure. Kuna kifurushi cha picha mia kwa mwezi, cha mia mbili na hamsini, na kile cha "bila kikomo". Nani wa Uganda ataona neno bila kikomo aliache? Nikalibonyeza. Hawakuniambia kwa herufi za kusomeka kwamba hiyo bei ni ya kamera moja. Kamera tatu, vifurushi vitatu. Na zinazokuja bila kikomo ni picha ndogo, zenye ukungu. Ukitaka kuona kama yule dume ana pembe zenye ncha nane au ni matawi nyuma yake, unaomba picha kubwa, na hiyo inalipiwa peke yake.

Halafu kamera ya pili niliielekeza penye majani marefu. Jua likiyachoma na upepo ukiyatikisa, kamera inahisi joto linalotembea, inapiga. Nami nilikuwa nimeiambia ipige tatu kwa mkupuo. Siku moja nilipokea picha 412, nyingi zikiwa za mabua mawili yaleyale. Nikayajua kama ndugu. Moja limepinda kushoto.

Kinachoniuma hasa si pesa. Kwetu unaweka airtime, unanunua bando, ikiisha imeisha. Mtandao unakukatia na hakuna anayekudai. Hapa wanakuvuta kwenye kadi ukiwa usingizini. Muziki, gari, simu, hata mahali pa kunyanyulia vyuma, vyote vina mkono ndani ya mfuko wako kila mwezi. Wewe unayepanga kuja, ukifika fungua akaunti ndogo ya pembeni, uwekemo kidogo tu, na hiyo ndiyo kadi ya kuwapa watu wa "mwezi wa kwanza bure". Na bunduki usiishike kwa kufuata marafiki. Mwenye viza ya muda ana masharti yake katika sheria ya shirikisho, na asiye na makaratasi haruhusiwi kabisa.

Nilipompigia Mama kulalamika, akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo wewe ndiye unalipa ili uone nyasi? Njoo uone zangu, sitakudai."

Aliyeniokoa ni yule mzee. Nilitegemea anicheke. Akaja Jumapili na panga (kweli panga, sijui alilipata wapi), akafyeka majani mita kadhaa mbele ya kamera, akaigeuza iangalie kaskazini jua lisiipige usoni. Tukaweka picha moja kila mara, na mapumziko ya dakika tano kati ya picha na picha. Itume mara mbili kwa siku, si papo hapo. Betri nazo zitapumua kwenye baridi hii. Video tukazima, maana inakula kifurushi kuliko picha. Kamera mbili tukazifungia laini kabisa, zinahifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu, nami nazipitia kwa miguu. Hiyo iliyobaki penye njia ya kulungu kwenda mtoni, picha 250 zinaitosha. Akaongeza kwamba nikihamia Arizona nisizibebe, huko tangu 2022 ni marufuku kuzitumia kuwindia.

Nilipotaka kumlipa kwa kazi ya siku nzima, alikasirika. Akaenda garini akarudi na paja la kulungu wa mwaka jana, limeganda kama jiwe. Nililipika kwa karanga. Alirudia mara mbili, akaniuliza hiyo rojo inauzwa duka gani.

Jumamosi msimu unafunguliwa, tunatoka saa kumi alfajiri. Picha zimebaki 38.