Nilivyompata msafiri wangu Mtito Andei

Hadithi yangu ya kwanza kukamilika ilinila karibu miaka miwili, na mwaka mzima ulipotelea kwenye ushauri mmoja: "Huyo msafiri wako mpeleke Ulaya, hapo ndipo watu watasoma." Aliyenishauri alinizidi umri na vitabu, nikatii.

Mhusika wangu ni kijana anayeuza vipuri Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Kutwa anahesabu beringi na plagi, roho iko kwingine. Basi nikampandisha ndege, nikamshusha Paris. Kurasa arobaini, na kila ukurasa amesimama dirishani akisema natamani hiki, natamani kile. Mimi Paris sijafika, na yeye hakuwa amefika pia. Nilizichana zote.

Kilichonifungua ni begi. Usiku mmoja, hapa kwangu Kayole, niliweka begi la mgongoni kitandani nikalipanga kama ambavyo yeye angelipanga, gizani, kaka yake amelala hatua mbili tu. Mashati mawili, sweta, chaja, bahasha ya vyeti. Halafu mkono ukaenda wenyewe kwenye ufunguo wa nyumba. Nikasimama nao. Anayehama moja kwa moja angeuacha mezani. Huyu aliuviringisha ndani ya soksi, akaisukuma soksi chini kabisa, usije ukalia njiani. Nilikaa kitandani nikatetemeka kwa furaha, maana hatimaye nilikuwa nimemjua. Neno "natamani" nikalifuta kila lilipokuwa.

Kulipokucha nikalibeba begi lilelile hadi kituo cha mabasi cha Country Bus, nikapanda basi la Mombasa. Nauli ilikuwa elfu moja na kitu. Dada yangu alisema nachezea pesa ya kodi, na sijuti hata kidogo: msafiri humwandiki ukiwa umekaa sebuleni.

Mtito Andei ni kama nusu ya njia. Tulishuka kunywa chai, na ng'ambo ya barabara lilikuwa limesimama basi jingine, limeelekeza uso Nairobi, mlango wazi, makanga akiita abiria. Hatua ishirini hivi. Nikaingiza mkono kwenye begi, nikaipapasa ile soksi mpaka nikayagusa meno ya ufunguo. Chai ilipoa. Niliandika kwa penseli nyuma ya tiketi, kisha juu ya karatasi ya mandazi yenye mafuta, mpaka dereva akapiga honi mara ya tatu.

Sehemu hiyo sijaibadilisha hata neno.