Kila Jumapili mi ndo napewa askari wa Stairs

Wale wa nyumbani mnaouliza kila siku huku Lubumbashi, Kongo, wikiendi nafanya nini, jibu ndo hili: nacheza vita. Sio ngumi jamani. Natoa meza uani, natandika gunia, napanga vijisanamu, tunatupa dadu mpaka umeme ukatike, na ukikatika tunawasha tochi za simu.

Nakaa komini ya Kenya (msiniulize tena, ni sehemu ya hapahapa Lubumbashi, sijahamia Nairobi), kazi yangu makaratasi ya maroli ya shaba yanayoshuka Dar, na ukishakwama mpakani Kasumbalesa siku nne kwenye foleni utaangalia kila video iliyomo kwenye simu. Ndo huko nikaona watu wazima kabisa, wengine na mvi zao, wanasogeza askari wadogo mezani na kupima hatua kwa rula. Kumbe jambo la zamani, Waprusi walikuwa wanafundishia maofisa wao toka 1824, mchezo wa luteni mmoja anaitwa Reisswitz. Wengi wanacheza Waterloo, ile vita ya Napoleon. Sasa Waterloo mi inanihusu nini?

Bunkeya, mji wa Msiri, ndo inanihusu. Iko kaskazini tu hapo, unapita Likasi. Na Msiri ni mtu wetu, Msumbwa wa magharibi ya Tanzania kama mimi, jina lake Ngelengwa, alitoka kule kwetu miaka ya 1850 akifuata njia ya shaba aliyoizoea baba yake Kalasa, akaishia kuwa mwami, yaani mfalme, wa nchi nzima, anauza shaba, pembe, chumvi na watu pia, hatumpaki sukari. Mi nilivyokuja na kibali changu cha kazi nikajiona jasiri, kumbe mjomba alishapita njia hiyo kwa miguu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. 1890 Sharpe, Mwingereza, alikuja kwa niaba ya Rhodes na kampuni yake ya Waingereza, Msiri akamtimua. Mwaka uliofuata Leopold, mfalme wa Wabelgiji, naye akamtuma Stairs, Mkanada, akapanda kutoka pwani na watu zaidi ya 300, wengi Waswahili wa Zanzibar, akafika Bunkeya 14 Desemba 1891. Msiri akakataa bendera ya Leopold, wakaipandisha hivyohivyo, yeye usiku akahamia kijiji cha Munema. Asubuhi ya tarehe 20 Stairs akabaki kambini akawatuma maofisa wake Bodson na Bonchamps na askari kama mia wakamlete. Bodson akaingia na wachache ndani ya boma, maneno yakazidi, akampiga Msiri risasi, na Masuka, mtu wa Msiri, akampiga Bodson. Wote wawili hawakuiona kesho yake.

Nilivyotengeneza sasa. Sanamu moja ni watu kumi. Nimezisokota kwa waya wa shaba, mabaki ya fundi jirani, maana shaba hapa ndo kitu cha kuokota. Boma ni njiti za meno, na vichuguu nimefinyanga udongo mwekundu wenyewe wa Katanga, maana kichuguu cha huku ni nyumba kabisa, risasi haipiti, ukijificha nyuma yake mwenzako anahitaji sita ndo akupate.

Shida, mchezo wa kwanza uliisha dakika tano. Msiri kaanguka, basi. Nikaongeza dadu ya njaa, maana Desemba ile ilikuwa mvua, chakula hakuna, na kwa Stairs wengi walikufa wiki zilizofuata kwa njaa na kuhara. Kabla ya kuanza kila upande unatupa kuona sanamu ngapi zimelala chini zinaumwa. Hapo mchezo ukanoga, siku moja Bodson alienda na sanamu nne tu hahaha.

Mpinzani wangu ni papa (huku ndo mzee) mmoja jirani, Muyeke, yaani wa kabila la watu wa Msiri, mstaafu wa mgodini. Siku ya kwanza alizunguka meza mara mbili kimya, halafu akasema, "Mwana, ile haikukuwa vita. Balikuya kumukamata muntu mu nyumba yake." Nikamwambia lakini papa, Wazungu waliandika kwamba Msiri alishika upanga. "Bo njo baliandika," yaani wao ndo walioandika, akanijibu, akavuta kiti. Mpaka leo hatujapatana kanuni ya pale kwenye mazungumzo. Mi nataka dadu iamue nani ameanza, yeye anasema hakuna dadu, Bodson alikuja na bastola tayari, na nikibisha sana ananiuliza na kichwa cha mwami kilienda wapi, maana Wayeke wanasimulia kilikatwa. Hapo nanyamaza natupa tu.

Na upande wa Stairs hapa uani hakuna anayeutaka. Vijana wote Wayeke, hata Muluba mzima, kabila lingine kabisa, anajiita Muyeke siku hiyo. Wananiambia hao askari walitoka pwani, walisema Kiswahili cha kwenu, basi chukua bantu bako, watu wako. Kwa hiyo mi Msumbwa, kila Jumapili namvamia mjomba wangu.

Tukimaliza sanamu zote zinarudi kwenye boksi, ila ya Msiri hapana, papa anaiweka mfuko wa shati anaenda nayo kwake. Wiki iliyopita alisahau kuirudisha, tukachezesha kifuniko cha bia.