Farasi wa Arusha kwenye mchanga wa Kigamboni

Kitu cha kwanza Marashi alichokikataa alipofika Kigamboni kilikuwa maji. Ni farasi jike, amekulia shambani Arusha, na alikuwa ameshuka kwenye lori baada ya safari ya zaidi ya kilomita 600. Maji ya kisima chetu Kibada yana chumvichumvi. Sisi tumeshazoea, hata chai tunapikia. Yeye alitia pua kwenye ndoo, akakunja mdomo wa juu, akageuka zake.

Nilijifunza kupanda nikiwa kazini Arusha, kwa hiyo hilo nilijua si la kupuuza. Kwenye joto la Dar farasi mkubwa anaweza kunywa lita 40 kwa siku, na asipokunywa majani yanakauka tumboni na tumbo linaanza kumsokota. Na farasi hatapiki. Kilichoingia hakina njia ya kurudi. Nikaagiza boza la maji baridi, kisha nikawa namchanganyia: ndoo ya maji ya boza, kopo la maji ya kisima, na molasi kidogo. Kesho yake kopo linaongezeka. Alikuja kunywa ya kisima matupu bila kujua amehamishwa.

Mafunzo yake yote yaliyofuata nimeyafanya kwa mtindo huo huo wa kopo. Majirani walishasema ni mkaidi, na kila mmoja ana mjomba aliyewahi kufuga punda, basi ushauri ulikuwa fimbo tu. Mimi naona mnyama aliyebadilishiwa maji, majani, hewa na wenzake kwa siku moja, ukimwita mkaidi unamwonea.

Chakula nacho nilikibadilisha polepole, kwa wiki moja hadi siku kumi, kwa kuchanganya na kile alichokuja nacho kwenye magunia. Kilichoninyima usingizi ni mchanga. Farasi akiokota majani chini anameza na mchanga, unajikusanya utumbo wa chini, na siku moja unamlaza. Fundi alinipasulia pipa la plastiki kwa urefu likawa hori, na chini yake nikatandika mpira mzito ili yanayodondoka yasiguse ardhi. Kila mara nachukua mavi yake mabichi, natia kwenye chupa ya maji inayoonyesha, natikisa, naiacha itulie. Mchanga ukiwepo utauona umelala chini. Wageni wakiikuta chupa hiyo barazani wanauliza kama ni dawa.

Daktari wa mifugo alishughulikia chanjo, hasa ya ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na usubi. Wadudu hao wanauma zaidi kuanzia jua linapozama mpaka linapochomoza, kwa hiyo kabla ya magharibi Marashi yuko bandani, dirisha lina wavu.

Sasa tabia. Akiongozwa kwa kamba alifika getini na kugoma, miguu ya mbele ameikita. Nikivuta, naye anavuta, na mwenye kilo 400 ndiye anayeshinda. Mzee mmoja wa Kondoa anayelinda kiwanja cha jirani alitutazama asubuhi nzima, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, legeza kamba."

"Nikilegeza si atarudi ndani, mzee?"

"Akirudi, kaza. Akisogea kwako hata kwato moja, legeza pale pale. Unamvuta hata anapokutii, sasa faida ya kutii ataiona wapi?"

Shikamoo mzee wangu. Nilikuwa nimeyasikia hayo Arusha kwa maneno marefu zaidi. Farasi anajifunza pale mvuto wa kamba unapoondoka, na ukichelewa kuuondoa hujamfundisha kitu. Tukaanza kuhesabu kwato: moja, legeza, moja, legeza. Sikio likigeukia kwangu na akaanza kulambalamba midomo, naacha kabisa tunapumzika. Geti tukalipita.

Nje ya geti zikatusubiri bodaboda. Macho ya farasi yako ubavuni, anaona karibu pande zote isipokuwa pale mbele kabisa ya pua na nyuma ya mkia. Pikipiki ikitokea nyuma inamzukia ghafla. Nikapatana na kijana wa kijiweni: kwanza pikipiki ikae imezimwa jirani na hori, Marashi ainuse mwenyewe. Kisha aiwashe kwa mbali. Kisha aende taratibu mbele yetu, sisi tuifuate.

"Dada, yaani unanilipa ili nifukuzwe na farasi?"

Ndiyo, na nililipa kwa furaha. Kinachokimbia mbele yake hakimtishi. Baada ya muda alikuwa ananyoosha shingo kutaka kunusa taa ya nyuma. Ndipo nikaruhusu pikipiki itupite.

Kumpanda ilikuwa shughuli nyingine. Nikivuta hatamu zote mbili, analiegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuongeza mwendo. Mkono mmoja ukatosha: namgeuza duara, linabana, linabana, mpaka anapungua mwenyewe, halafu namwachia. Mazoezi hayo tunayafanya ufukweni asubuhi maji yakiwa yamekupwa, pale penye mchanga mbichi uliokaza. Mchanga mkavu wa juu unazama na kuchosha kano za miguu, basi tunaupita kwa mwendo wa kawaida tu. Siku za bamvua maji yanarudi mbali na tunapata uwanja mpana.

Upweke wake ulitulizwa na mbuzi. Farasi ni mnyama wa kundi, na usiku alikuwa akizunguka banda na kulia. Tangu mbuzi ahamie, analala. Tatizo mbuzi naye amegundua hori.

Bajaji zenye muziki bado zinamshinda, ila tutazifikia. Pantoni ya Magogoni sina mpango nayo kabisa, na mlango ule wa chuma unavyogonga. Akihitaji kwenda ng'ambo, anapanda lori na kupita darajani.