Kidole changu na risasi ya milimita 91

Jamani, leo nimeaibika mbele ya baba mkwe!

Tuko karakana kwake hapa Montana, Marekani. Huku watu wengi wanajaza upya maganda ya risasi zao za kuwindia. Bunduki yake inatumia risasi aina ya .375 H&H, ile ya mwaka 1912 iliyozoeleka sana porini Afrika. Ganda tupu tu lina milimita 72. Ukiweka kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, risasi nzima inafika urefu wa 91.

Mimi na kimashine changu cha kujazia, cha bei ya kutupa. Kwa .223, risasi fupi zaidi, hakina shida.

Nikapachika ganda, nikashika kichwa juu yake kwa vidole viwili... hakipiti chini ya kalibu, kile chuma cha juu kinachosukuma kichwa ndani ya ganda.
Nikakiinamisha. Kikadondoka.
Mara ya nne nikajibana kidole.

Mzee kimya, anakunywa kahawa. Kisha akafunua turubai kule kwenye kona: mashine nzito, umbo la herufi O, mdomo wazi kupita kiganja changu. Risasi ikaingia na nafasi ikabaki. Mkono ukashuka laaaini, kama mlango wa friji.

“Baba, mbona hukuniambia?”
“Hukuniuliza.”

Ukucha umeshakuwa mweusi 😩

Mnaojaza risasi ndefu, mnatumia mashine gani?