Siku ya Chupa ya Tatu: Kupima Umumunyifu wa Asidi ya Benzoiki

Saa 1:30 asubuhi. Kabla hata ya kuvaa koti la maabara nilikwenda kusoma kipimajoto cha beseni la maji, kwa sababu umeme ukikatika usiku, kazi ya siku nne huharibika. Kilionyesha nyuzi 20.1 za Selsiasi, nami nikashukuru, maana mwongozo namba 105 wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) tunaoufuata unaruhusu tofauti ya nusu nyuzi tu. Ndani ya beseni ilikuwamo chupa ya mwisho kati ya tatu za asidi ya benzoiki, kemikali ambayo, pamoja na chumvi yake ya sodiamu, hutumika kuzuia ukungu katika vinywaji na vyakula vya kusindika.

Jumatatu nilitia katika kila chupa gramu 3 za asidi hiyo na mililita 200 za maji yaliyokenekwa, yaani takriban mara tano ya kiasi kinachoweza kumumunyika. Chupa zilitikiswa kwenye nyuzi 30, ya kwanza kwa siku moja, ya pili kwa siku mbili na ya tatu kwa siku tatu, kisha kila moja ikakaa saa 24 kwenye nyuzi 20.

Saa 2:15. Kijana aliye kwenye mafunzo kwa vitendo aliniuliza, "Mama, kwa nini hatukuanza moja kwa moja na nyuzi 20?" Ni swali zuri. Unga huu huelea juu ya maji na huloana kwa shida, hivyo ukiuanzishia kwenye ubaridi utasubiri sana bila kujua kama maji yameshiba. Ukianza na joto, maji hubeba zaidi ya kikomo chake, na yakipozwa ziada hurudi kuwa fuwele. Matokeo ya chupa za mwisho yakikaribiana, ndipo tunapoamini kwamba mmumunyo umetulia.

Saa 3:00. Tulihakiki ukolezi wa sodiamu haidroksaidi, alkali ambayo tungeidondosha kwenye sampuli ili kupima asidi iliyomo: molari 0.0200 (moli 0.0200 kwa lita), kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa ili kuondoa kaboni dayoksaidi, ambayo nayo ni asidi na ingehesabiwa pamoja na sampuli yetu.

Saa 4:20. Kuchuja ndiko kunakoniweka roho juu kuliko hatua nyingine zote. Katika nchi za baridi mchunguzi huhofia mmumunyo kupoa ndani ya pipeti na kuacha fuwele, lakini hapa Dar es Salaam, ambapo chumba kina nyuzi 29, hatari ni kinyume chake: chembe moja ikipenya kwenye chujio itayeyuka mara moja katika maji yanayopata joto, nawe hutaiona tena, ila matokeo yatapanda. Kwa hiyo faneli, pipeti na chupa ya kupokelea vyote vilikuwa vimepozwa hadi nyuzi 20, na matone ya kwanza yaliyochujwa tuliyamwaga.

Saa 5:00. Tulichukua mililita 25, tukaongeza matone mawili ya fenolfthalini, kiashiria kinachogeuka waridi asidi inapokwisha, tukafungua taratibu bureti, mrija wenye vipimo uliojazwa ile alkali, hadi rangi ya waridi hafifu ilipobaki bila kufifia. Usomaji wa kwanza ulikuwa mililita 29.70. Wa pili ulikuwa 31.40, na hapo nilisimamisha kazi. Tulipoitazama karatasi ya chujio kwenye mwanga tuliona imechanika kidogo kwenye ncha. Niliandika usomaji huo daftarini pamoja na sababu yake, kwa kuwa namba mbaya haifutwi, tukachuja upya na kupata 29.75 na 29.65.

Saa 7:00 tulikula.

Saa 8:00. Wastani wa 29.70, ukizidishwa kwa ukolezi wa alkali na uzito wa molekuli wa 122.12, kisha ukagawanywa kwa mililita 25, ulitoa gramu 2.90 kwa lita. Chupa ya kwanza ilikuwa imetoa 3.05 na ya pili 2.93, na mwongozo unataka mbili za mwisho zisipishane kwa zaidi ya asilimia 15. Tulipima pia pH, yaani kipimo cha uasidi, ikawa 2.9, nami husisitiza iandikwe kando ya jibu pamoja na joto, kwa sababu maji yenye bikaboneti, chumvi yenye ualkali kidogo, hugeuza sehemu ya asidi hii kuwa chumvi, na chumvi hiyo humumunyika kwa wingi mno.

Saa 9:30 alasiri. Nilisaini ukurasa, naye kijana akaziosha chupa tatu na kuzipanga mdomo chini, tayari kwa sampuli ya Jumatatu.