Programu Moja, Fremuweki Tatu: Jinsi Mabadiliko Yanavyoifikia Skrini

Kwa majuma sita nimekuwa nikiandika programu ileile mara tatu: kwanza kwa React, kisha kwa Vue, na mwisho kwa Svelte. Hizi ni fremuweki, yaani zana za kujengea kurasa za wavuti kwa lugha ya JavaScript. Nilikuwa nimechoshwa na ulinganisho unaoishia kwenye orodha za sifa, ambamo kila fremuweki husemwa kuwa ni nyepesi, ya haraka na rahisi kujifunza, na msomaji huondoka bila kujua kazi yake ya kila siku itakuwaje.

Wazo la kujenga kitu kimoja kwa zana nyingi si langu. Mradi wa TodoMVC, ulioanzishwa na Addy Osmani, umekuwa ukifanya hivyo kwa zaidi ya miaka kumi kwa kutumia orodha ya mambo ya kufanya. Orodha ya namna hiyo ni mwanzo mzuri, lakini karibu kila kitu ndani yake hutokea kwa sababu mtu amebofya kitu. Hakuna seva inayochelewa kujibu, hakuna saa inayokwenda yenyewe, wala hakuna sehemu mbili za ukurasa zinazotegemea taarifa moja kwa nyakati tofauti. Kwa maoni yangu, tofauti kubwa za fremuweki zimejificha katika mambo hayo yanayokosekana.

Kwa hiyo nilichagua daftari la vitabu vya kuazima. Lina orodha ya vitabu, kisanduku cha kutafuta kinachoiuliza seva, fomu ya kuongeza kitabu, kichujio cha kuonyesha vyote au vilivyochelewa tu, na orodha hujisasisha yenyewe kila baada ya sekunde 30. Seva ilikuwa moja, faili la mitindo lilikuwa moja, na nilijikataza vifurushi vya ziada vya msimbo ulioandikwa na wengine. Tena, anayeandika kitu mara ya tatu hukijua kuliko alivyokijua mara ya kwanza. Ndiyo maana nilipomaliza nilirudi nikaandika upya toleo la React, ili lisihukumiwe kwa makosa yaliyokuwa ya kwangu.

Nitakaa zaidi kwenye kile kisasisho cha sekunde 30, kwa sababu ndicho kilichonifundisha mengi. Katika React, niliweka kipima muda ndani ya useEffect (sehemu ya React ya kazi zinazofanyika nje ya kuchora ukurasa) na kuagiza kianzishwe mara moja tu, kijenzi, yaani kipande cha ukurasa, kinapotokea kwenye skrini. Kila kitu kilionekana sawa. Nilichagua kichujio cha vilivyochelewa, orodha ikapungua kama nilivyotarajia, nikaendelea na kazi nyingine. Baada ya muda mfupi nikaona vitabu vyote vimerudi, ilhali kichujio bado kilisomeka kuwa ni cha vilivyochelewa. Sikuwa nimegusa kitu.

Sababu yake imo katika msingi wenyewe wa React, ambayo Facebook iliifungua kwa umma mwaka 2013. Kijenzi cha React ni funsheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kufanya kazi fulani) inayoitwa upya kila mara hali, yaani taarifa zilizoshikiliwa na ukurasa, inapobadilika, na kila mwito una thamani zake. Funsheni niliyoikabidhi kipima muda ilizaliwa katika mwito wa kwanza, wakati kichujio kilipokuwa cha vitabu vyote, nayo ikaendelea kuiona thamani hiyo hata baada ya ukurasa kusonga mbele. Dawa ni kukitaja kichujio katika vitegemezi vya useEffect (orodha ya thamani zinazoifanya iendeshwe upya zikibadilika), ili kipima muda cha zamani kizimwe na kipya kianzishwe kila kichujio kinapobadilika. Kikaguzi cha msimbo kilichoandaliwa kwa ajili ya kanuni hizi kingelinionya mapema. Katika mradi huo kilikuwa hakijawashwa, na sasa sianzi mradi wowote wa React bila hicho.

Katika Vue, funsheni ileile ilifanya kazi kwa usahihi mara ya kwanza. Vue, iliyotolewa na Evan You mwaka 2014, huiendesha funsheni ya maandalizi mara moja tu kwa kila kijenzi, na kichujio hukaa ndani ya kisanduku kinachosomwa upya kila kinapohitajika. Kipima muda kinapofika zamu yake, hukifungua kisanduku na kukuta thamani ya wakati huo. Mtego wa Vue ulikuwa kwingine. Nilikuwa nimeweka hali yote ndani ya kitu kimoja cha reactive (njia ya Vue ya kufuatilia mabadiliko ya hali), kisha nikakichambua, yaani nikazitoa thamani zake moja moja, ili kupata majina mafupi. Kuanzia hapo kichujio kikawa thamani ya kawaida iliyokatwa kutoka kwenye chanzo chake, na ukurasa ukaganda bila onyo lolote. Kosa hilo lilinichukua karibu asubuhi nzima, kwa sababu msimbo wenyewe ulisomeka kama JavaScript safi isiyo na dosari.

Svelte ilinipa msimbo mfupi kuliko yote. Rich Harris alipoitoa mwaka 2016, wazo lake lilikuwa kwamba sehemu kubwa ya kazi ifanywe na kompaila (programu inayoutafsiri msimbo) kabla programu haijafika kwenye kivinjari. Toleo la 5, la Oktoba 2024, limebadilisha namna ya kutangaza hali, na mabadiliko hayo yana faida ya wazi: zamani kuongeza kitabu kwenye orodha kwa push (amri ya kuongeza kitu mwishoni mwa orodha) hakukuonekana kwenye skrini mpaka orodha ipewe thamani upya, lakini kwa $state, namna hiyo mpya ya kutangaza hali, huonekana mara moja. Shida ni kwamba mifano mingi bado ni ya mtindo wa zamani.

Yapo mambo ambayo fremuweki zote tatu zilishindwa kuniokoa, na nayahesabu kuwa muhimu kuliko kasi. Mtu akiandika "ma" kisha "maji" kwenye kisanduku cha kutafuta, maswali mawili huenda kwenye seva, na jibu la kwanza likichelewa hufika mwisho na kulifunika lililo sahihi. Kote nililazimika kutumia AbortController ya kivinjari kulifuta swali la awali. Vilevile nilipoacha vitabu bila funguo zao za kipekee (vitambulisho vinavyotofautisha mstari mmoja na mwingine), nikaanza kuandika maelezo kwenye kisanduku cha mstari wa tatu kisha nikafuta kitabu cha pili, maelezo yale yalijikuta chini ya kitabu kilichokuwa cha nne. React ilitoa onyo kuhusu funguo hizo kwenye konsoli, dirisha la kivinjari la ujumbe kwa waandishi wa programu. Vue na Svelte zilinyamaza.

Kwa daftari hili nimebaki na Vue, kwa kuwa msimbo unaotegemea muda na seva ulisomeka wazi zaidi ndani yake. Hata hivyo, kama programu ingetarajiwa kuishi miaka mingi, ningefikiri mara mbili. Msaada wa Vue 2 ulikoma tarehe 31 Desemba 2023, na kuhamia Vue 3 ni kazi halisi, wakati vijenzi vya React vilivyoandikwa kwa mtindo wa madarasa (class), kabla ya mabadiliko makubwa ya mwaka 2019 yaliyoleta zana kama useEffect, bado vinafanya kazi hadi leo.

Matoleo mengine mawili nimeyahifadhi, kila moja kwenye tawi lake la hifadhi ya msimbo, na yote matatu hupitishwa kwenye jaribio moja nililoliandika siku ile vitabu viliporudi vyenyewe: linachagua vilivyochelewa, linasogeza saa mbele sekunde 30, kisha linahesabu mistari iliyobaki kwenye orodha.