Nilivyopanga jiko letu kwa kimo cha mtoto

Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko lake juu ndio wengi wetu hapa Dar tunaoanza nao. Unauweka sakafuni, unawasha, unapika. Lakini moto wake unakaa karibu na kifua cha mtoto wa miaka miwili, na sufuria inamtazama usoni. Mwanangu wa pili alipoanza kusimama kwa kushika ukuta, nilichuchumaa jikoni nikaangalia vitu kutoka kule chini aliko yeye. Mpini wa kikaango, waya wa birika la umeme, kitambaa cha meza, mafuta ya taa kwenye chupa ya maji ya kunywa: vyote mkono wake ungevifikia.

Tukaanza kupandisha. Fundi alitujengea meza ya zege, tukanunua jiko la plate mbili na mtungi wa kilo 15 wenye regulata na mpira. Mtungi tukautoa nje, kwenye kizimba cha nondo chenye kufuli, na tundu la ukutani likatiwa kipande cha bomba la plastiki ili mpira usichubuke. Kuuficha kabatini chini ya meza kunapendeza, nakubali, ila gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, ndani ya hilo hilo kabati, mpaka cheche iikute.

Vijana wanaoleta mitungi kwa bodaboda huwa na haraka, na wapo wanaopima uvujaji kwa kiberiti. Kwangu hapana. Napaka povu la sabuni ya vyombo kwenye valvu, regulata na ncha zote mbili za mpira, kisha nafungua gesi. Povu likitoa mapovu makubwa pale kwenye valvu, mara nyingi ni kile kimpira kidogo cha ndani: kimechakaa au hakipo kabisa. Mtungi unarudi na aliyeuleta.

Dada anayenisaidia kazi nilimrudia jambo moja hadi akachoka nami: ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi, si kuwasha wala kuzima. Toa watoto, acha mlango wazi, kafunge valvu huko nje. Na mafuta yakishika moto kwenye karai, maji hayamwagwi. Zima gesi, funika kwa mfuniko, usiyahamishe mpaka yapoe.

Kwa watoto naogopa zaidi vya moto visivyo na mwali: uji, chai, maji ya kuoga. Kwenye beseni maji baridi yanatangulia, ya moto yanafuata. Chupa ya chai haikai tena mkekani. Mtoto akiungua, ni maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, na kama kidonda ni kikubwa au kipo usoni, tunakwenda hospitali. Dawa ya meno na asali hazipakwi. Mafuta ya taa yamerudi kwenye dumu lake, juu, na kila mtu mzima anajua kwamba aliyeyanywa hatapishwi, anawahishwa kwa daktari.

Aliyebaki ni mama mkwe. Maharage ya nazi hayakubali ila kwa mkaa, na kwa ladha simlaumu. Jiko lake lipo kibarazani, lakini masika yakiingia linataka kuhamia ndani.

"Mama, mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu. Hata ukikolea bila moshi, bado inatoka."

"Mbona mume wako nilimlea nalo ndani?"

"Mlikuwa nyumba ya makuti, Mama, upepo unapita kila upande. Hapa tumefunga vioo."

Akanyamaza, kisha akaniuliza kama nataka apike huku analowa. Hapo alikuwa na haki. Tukamwita fundi arefushe bati la kibaraza.